Kivu Kaskazini: Nani anawahesabu gorila wa misitu ya Walikale?

Kashuga ni mji mdogo wa barabarani katika usultani wa Bashali, wilaya ya Masisi, jimboni Kivu Kaskazini. Habari zinazoutaja huwa karibu zote za aina moja: mapigano, familia zilizobeba magodoro kukimbilia Mweso, kambi za wakimbizi wa ndani zinazojaa na kumwagika. Ni nadra jina lake kusikika katika mazungumzo ya wanasayansi wa viumbe. Lakini barabara inayopita hapo inakwenda Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale, kisha inashuka hadi Pinga, na kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo msitu unavyofunga. Ndani ya misitu hiyo anaishi mnyama ambaye hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ni gorila wa Grauer. Waandishi wengi wa Kiswahili humwita sokwe, jina ambalo msomaji wa Kigoma atalielewa kuwa ni mnyama mwingine kabisa, yule mdogo wa Gombe. Huyu wa Kivu ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya nyani na binamu zao: dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 200. Jina lake la kisayansi alilipewa mwaka 1914 na Mjerumani Paul Matschie, kwa kumbukumbu ya Rudolf Grauer, mkusanyaji wa wanyama kutoka Austria aliyepita katika milima hii kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vitabu vingine humwita gorila wa nyanda za chini za mashariki, jina linalopotosha kidogo, kwa maana hupatikana kuanzia misitu ya mita 600 juu ya usawa wa bahari hadi kwenye mianzi ya karibu mita 2,900.

Kashuga kwenyewe hakuna gorila. Milima ya Masisi leo ni malisho ya ng'ombe, mashamba ya maharage na viazi, na mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya mbao na makaa. Jibini linalouzwa Goma linatoka katika malisho haya. Haikuwa hivyo siku zote. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihamishia Masisi maelfu ya wakulima kutoka Rwanda ili mashamba makubwa ya walowezi yapate vibarua, na msitu ukaanza kurudi nyuma kilima baada ya kilima. Baada ya uhuru walikuja wenye ranchi. Wataalamu walipopita Masisi katika miaka ya 1990 walikuta kikundi kidogo sana cha gorila kimebaki, kimekatwa kabisa na wenzao wa Walikale. Kwa mnyama anayehitaji majike kutoka familia nyingine ili kizazi kisidhoofike, kukatwa namna hiyo ni hukumu inayotekelezwa polepole.

Safu ya milima ambayo dunia haiifahamu vizuri

Habari za wanasayansi kugundua viumbe wapya milimani mara nyingi hutoka Amerika ya Kusini. Desemba 2024, kwa mfano, vyombo vya habari vya dunia vilijaa picha za samaki mwenye kichwa kilichovimba na panya anayeogelea, wawili kati ya spishi 27 mpya zilizopatikana Alto Mayo, upande wa milima ya Andes nchini Peru. Utafiti wenyewe ulifanyika katikati ya 2022, na timu ilikwenda ikarudi salama.

Milima ya Bonde la Ufa la Magharibi, inayoanzia kaskazini ya Ziwa Albert hadi kusini ya Ziwa Tanganyika, haina utajiri mdogo. Zaidi ya nusu ya aina zote za ndege wa bara la Afrika wamerekodiwa humo, pamoja na karibu asilimia 40 ya mamalia. Kinachokosekana ni watu wa kuwahesabu.

Msitu wa Misotshi-Kabobo, kando ya Ziwa Tanganyika, ni mfano mzuri. Ulikuwa umefungwa kwa watafiti tangu 1960 kwa sababu ya kukosekana kwa usalama. Timu ilipofanikiwa kuingia kati ya Januari na Machi 2007, ilitoka na spishi sita ambazo sayansi haikuzijua: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Sita, kwa majuma machache tu.

Itombwe, kaskazini kidogo ya hapo, ina kisa chake. Mwaka 1951 alikamatwa huko bundi wa aina isiyojulikana, akapewa jina la Alexandre Prigogine, mtaalamu wa ndege aliyeishi Kivu akifanya kazi migodini. (Mdogo wake, Ilya, ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977.) Bundi huyo hakushikwa tena na mtafiti yeyote hadi Mei 1996, jike mmoja aliponaswa katika wavu, akapimwa, akapigwa picha na kuachiwa. Kwa miaka 45 yote hiyo kilichokuwepo ni ndege mmoja mkavu ndani ya droo ya makumbusho. Na chura wa dhahabu wa Itombwe, ambaye wanasayansi walikuwa hawajamwona tangu miaka ya 1950, alipatikana tena mwaka 2020.

Vita na sayansi vimegombana katika milima hii tangu zamani. George Schaller, Mmarekani aliyeandika utafiti wa kwanza wa kina kuhusu maisha ya gorila, alifanya kazi Kabara, chini ya mlima Mikeno, mwaka 1959 na 1960, na machafuko ya uhuru yakamkuta huko. Dian Fossey alianzia Kabara hiyo hiyo mwaka 1967. Miezi michache baadaye wanajeshi walimtoa, akavuka mpaka na kufungua kituo chake Rwanda. Ndiyo maana dunia nzima inamhusisha Fossey na Rwanda, wakati kazi yake ilianza Kongo.

Kuhesabu mnyama usiyemwona

Gorila wa Grauer hahesabiwi kama ng'ombe. Msituni Walikale mtu anaweza kutembea wiki nzima bila kumwona hata mmoja, ingawa wao wamemsikia tangu asubuhi. Kinachohesabiwa ni vitanda.

Kila jioni kila gorila aliyeachishwa kunyonya hujitengenezea kiota cha kulalia kwa kukunja matawi na majani, mara nyingi ardhini, na kesho yake hutengeneza kingine mahali pengine. Watoto wadogo hulala na mama zao. Kwa hiyo mahali familia ilipolala panabaki duara la viota, na karibu kila kiota kina kinyesi. Ukubwa wa kinyesi humweleza mfuata nyayo kama aliyelala hapo ni dume mkubwa mwenye mgongo wa fedha, jike au kijana. Nywele zilizobaki kwenye majani huthibitisha: za dume mzee zina mvi. Kinyesi kibichi kikichukuliwa vizuri, maabara hupata vinasaba, na hapo mtafiti anaweza kusema kwamba familia iliyolala kilimani Jumatatu ndiyo ileile iliyolala bondeni Alhamisi, isihesabiwe mara mbili.

Kazi hiyo inafanywa kwa mistari. Timu hupewa dira, kifaa cha GPS na mstari wa kufuata, na mstari hauulizi kama mbele kuna tope, mwamba au mto. Viota vinavyoonekana kutoka mstarini hupimwa umbali wake, na hesabu ya kitakwimu hukadiria vile visivyoonekana. Siku hizi kamera zinazofungwa kwenye miti, zinazojiwasha mnyama anapopita, zimeongezeka. Lakini kamera inaibiwa, na mtu mwenye bunduki akijikuta amepigwa picha hafurahi.

Walio wengi katika kazi hii si maprofesa. Ni wanakijiji, wengine waliokuwa wawindaji, ambao wanajua kutofautisha jani lililokatwa na panga na lile lililokatwa na meno. Katika ripoti za kisayansi majina yao huishia kwenye aya ya shukrani, wakati mwingine hata hapo hayamo, jambo ambalo si haki ukizingatia nani alilala msituni.

Namba tatu zinazosumbua

Katikati ya miaka ya 1990, kabla tu ya vita kubwa kuanza, watafiti wa shirika la WCS pamoja na wenzao wa nchi iliyoitwa Zaire walikadiria gorila wa Grauer kuwa karibu 16,900. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliofanywa na WCS, Fauna & Flora na taasisi ya serikali ya ICCN, ulitoa makadirio ya 3,800. Hasara ya karibu asilimia 80 kwa miaka 20. Mwaka huo huo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilimweka gorila huyu katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, ambalo ni la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Kisha mwaka 2021 ikatoka hesabu mpya: 6,800.

Hapa ndipo vichwa vya habari vilipokosea. Msomaji wa haraka angeona gorila wameongezeka karibu maradufu kwa miaka mitano, na wapo waliofurahi hivyo. Haiwezekani kibiolojia. Jike wa gorila huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, kila baada ya miaka minne hivi, na watoto wengi hufa kabla ya kukua. Kilichobadilika ni taarifa: maeneo ambayo wapimaji hawakuweza kuyafikia mwanzoni, likiwemo eneo la chini la mbuga ya Kahuzi-Biega na msitu wa Oku ulio jirani, yalipimwa vizuri zaidi, na gorila waliokuwa humo siku zote wakaingia kwenye hesabu.

Hata ile namba ya kwanza haikuwa ya uhakika kama inavyonukuliwa. Watafiti wenyewe waliandika kwamba idadi halisi ingeweza kuwa popote kati ya 8,660 na 25,499. Makadirio ya 3,800 nayo yalikuwa na upana wa namna hiyo. Namba moja hutoshea kwenye kichwa cha habari na upana hautoshei, basi upana huachwa. Lakini kwa mtu anayeamua walinzi wapelekwe wapi, huo upana ndio habari yenyewe.

Pamoja na hayo yote, hakuna mtafiti makini anayepinga kwamba waliporomoka. Ushahidi mwingine umetoka mbali na msitu. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ilichapisha uchunguzi wa vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa na ngozi za gorila zilizohifadhiwa makumbusho kwa hadi miaka mia moja, ikavilinganisha na vya gorila wa leo. Gorila wa Grauer wamepoteza sehemu ya utofauti wa vinasaba vyao ndani ya vizazi vichache tu. Binamu zao wa milima ya Virunga, waliokuwa wachache tangu mwanzo, hawakubadilika sana.

Simu, bati na nyama ya porini

Sababu za anguko zinajulikana. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda, na nyuma yao bunduki. Vita ya 1996, kisha ya 1998, zilitawanya walinzi wa mbuga na kuacha silaha mikononi mwa kila kundi. Mwaka 2000 bei ya koltani, madini yanayotoa tantali ya kutengenezea vifaa vya elektroniki, ilipaa ghafla, na maelfu ya wachimbaji wakaingia misituni, Kahuzi-Biega ikiwemo. Mchimbaji hana shamba wala bucha. Anakula kinachopigwa risasi karibu naye. Gorila ana nyama nyingi, hutembea ardhini kwa familia, na anapotishwa dume husimama mbele badala ya kukimbia. Risasi chache zinatosha. Katika milima ya Kahuzi-Biega peke yake, gorila walikuwa karibu 250 kabla ya vita na karibu 130 ilipofika mwaka 2000.

Walikale ina madini ya aina yake. Mgodi wa Bisie, uliowahi kuchimbwa na maelfu ya watu kwa mikono na sasa unaendeshwa kwa mitambo na kampuni ya Alphamin, hutoa karibu asilimia sita ya bati yote inayochimbwa duniani. Bati hiyo iko kwenye simu za watu ambao hawajawahi kusikia jina Walikale.

Kwa wakazi, hesabu ni nyingine. Kijana wa Kashuga au Kalembe aliyepoteza shamba kwa sababu ya mapigano ana njia chache: kambi, kundi lenye silaha, au shimo la madini. Kumwambia aache msitu kwa ajili ya mnyama ni rahisi kwa asemaye akiwa Ulaya.

Na uhifadhi wenyewe una deni. Kahuzi-Biega ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Wabatwa walioishi humo waliondolewa bila ardhi mbadala. Baadhi yao walianza kurudi kwa nguvu mwaka 2018, na makabiliano na walinzi yakaua watu pande zote mbili. Julai 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Wabatwa na inapaswa kuwarudishia ardhi yao. Ndani ya uamuzi huo kuna swali ambalo wanasayansi walilikwepa kwa muda mrefu, la iwapo msitu unalindwa vizuri zaidi kwa kuwaondoa watu wanaoufahamu kuliko wote.

Machifu walioanza wenyewe

Upande wa Lubero na Walikale ilijaribiwa njia tofauti. Mwaka 1998, vita ikiwa imepamba moto, machifu wa kimila wa eneo la Tayna walikubaliana kutenga msitu wao kwa ajili ya gorila, bila kusubiri Kinshasa. Baadaye kilifunguliwa chuo cha uhifadhi huko Kasugho, ili vijana wa hapo wasome kuhesabu na kulinda bila kwenda mbali. Serikali iliitambua hifadhi ya Tayna mwaka 2006, pamoja na jirani yake ya Kisimba-Ikobo iliyoko Walikale.

Ndani zaidi, katika misitu ya Nkuba, wamiliki wa ardhi wa kimila hufanya kazi na mfuko wa Dian Fossey Gorilla Fund. Wafuata nyayo wa vijijini huwafuatilia gorila kila siku bila kuwazoesha binadamu: hukaa nyuma yao kwa umbali wa siku moja hivi, wakisoma viota vya jana. Gorila aliyezoea watu humkaribia pia mwenye bunduki, kwa hiyo heshima ya kumwacha na woga wake ni ulinzi.

Sheria nayo imesogea. Amri ya Agosti 2014 inaruhusu jamii ya Kongo kupewa msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, kwa muda usio na kikomo. Karatasi hiyo ina uzito Walikale, ambako kibali cha madini kinaweza kutolewa mji mkuu bila mwenye kilima kujua.

Majike wanne wa Tshiaberimu

Kasugho ndiko kilipo pia kituo cha GRACE, kilichofunguliwa mwaka 2010 kuwalea gorila yatima walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Kwa miaka mingi swali lilikuwa kama yatima hao, waliolelewa na binadamu, wanaweza kurudi porini.

Jibu la kwanza lilitafutwa mlima Tshiaberimu, kaskazini mwa mbuga ya Virunga. Huko walikuwa wamebaki gorila wasiofika kumi, wamezungukwa na mashamba pande zote, hali ileile iliyowapata wale wa Masisi. Oktoba 2024 majike wanne kutoka GRACE walihamishiwa huko: Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala. Jina la mwisho ni la mji mdogo wa Walikale, kwenye njia ya kwenda Bisie. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio karibu na eneo la dume wa porini aitwaye Mwasa, ili wasikilizane na kunusana. Baada ya kufunguliwa walijiunga na kundi la Mwasa, wakaanza kula na kulala pamoja nao. Yatima wanne wa gorila wa Grauer kupokelewa na familia ya porini kwa pamoja ni jambo ambalo wataalamu wengi walikuwa hawajathubutu kulitabiri.

Wakati hayo yanafanyika, barabara ya Kashuga ilikuwa ikiwaka tena. Oktoba hiyohiyo Kalembe ilipiganiwa kati ya M23 na wapiganaji wanaoiunga mkono serikali. Januari 2025 Goma ilianguka, na Machi 19 M23 waliingia Walikale mjini, ndani kabisa ya makazi ya gorila, kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Bisie ilisimamisha uchimbaji kwa wiki kadhaa. Mgodi ulipotulia ulirudisha wafanyakazi kwa awamu. Mstari wa kuhesabia viota haurudiwi hivyo, kwa kuwa kiota huoza kwa miezi michache, na msimu usiopimwa haupimwi tena.

M23 walianza tena mashambulizi Novemba 2021. Jike wa gorila aliyezaa mwezi huo katika msitu wa magharibi ya Pinga alikuwa ndiyo kwanza tayari kuzaa tena mwishoni mwa 2025. Mtoto wake, ikiwa ni wa kike na hakukanyaga mtego wa waya, atangoja hadi akaribie umri wa miaka kumi ndipo aanze kuzaa.